Nilikimbilia Kamera

Msimu wa korosho wa 2018 kila mtu wa Masasi ana lake la kusimulia. Serikali iliamua kununua yenyewe kwa Sh 3,300 kwa kilo, wanajeshi wakaja na malori kusomba mzigo, na sisi wa ghalani tukawa tunalala na magunia na kuamka na magunia. Mimi ni mpima ubora. Kazi yangu ni kuchoma gunia kwa bambo, kukinga sampuli, kupasua korosho moja moja na kutazama kiini: kizima, chenye madoa, kilichosinyaa, kilichooza. Desemba ya mwaka ule niliharisha siku 4 mfululizo, mimi na wenzangu 3 tuliokunywa maji ya dumu moja. Wenzangu walipona, wakasahau. Mimi tumbo langu halikurudi kama nilivyolizoea.

Lilikuwa hivi. Naamka, kabla hata ya chai, tumbo linanisokota chini ya kitovu upande wa kushoto. Nakimbilia chooni, nikitoka napata nafuu ya nusu saa, kisha linaanza tena. Wiki ya pili yake mambo yanageuka: siku 3 sipati choo, na kikija ni vigololi vikavu kama vya mbuzi, pamoja na kamasi jeupe. Jioni tumbo limejaa gesi hadi nalegeza mkanda matundu 2. Siku ya mnada, wakulima wamejaa uani wakisubiri kusikia bei, ndiyo siku linapochachamaa zaidi. Safari nazo nilianza kuzikataa. Basi la kwenda Dar es Salaam linasimama abiria wachimbe dawa pale dereva anapotaka yeye, wala si pale tumbo lako linapotaka, na kumwomba dereva asimamishe gari mara ya tatu mbele ya abiria 50 ni jambo linalomkondesha mtu mzima.

Marehemu bibi angeita ngiri. Mjomba wangu wa Mtama aliita ngiri vilevile, akaniletea mizizi ya kuchemsha. Nilikunywa. Duka la dawa walinipa Flagyl, nikatumia, nikapata nafuu kidogo, nikarudi kununua tena, mpaka muuzaji akawa ananifungia bila kuuliza. Dawa za minyoo sikumbuki nimemeza mara ngapi. Katika zahanati mbili tofauti, ndani ya miaka 3, nimeandikiwa taifodi mara 4, na kila mara nikameza dawa za siku 10 au 14. Homa sikuwa nayo hata siku moja, na hakuna aliyeniuliza habari ya homa. Baadaye nikaambiwa ni vidonda vya tumbo. Nikaacha pilipili, nikaacha ndimu, tumbo likaendelea na mambo yake.

Mwaka 2022 mwenzangu mmoja ghalani akaniambia shemeji yake alikwenda Dar es Salaam akaingizwa mpira wenye kamera kwa njia ya haja kubwa, wakatazama utumbo wote. Neno hilo likanikaa. Kamera! Kitu kinachoona chenyewe, hakuna cha kubahatisha. Msimu ule nilitenga fedha kutoka kila malipo niliyopata, mke wangu akaongeza za mbaazi zake, na tukaifungulia fedha hiyo akaunti peke yake. Mke wangu alikuwa na hamu kuliko mimi. Alisema, "Ukajulikane unachoumwa, tulale usingizi."

Sasa niseme jambo ambalo wakati ule sikumwambia mtu. Katika miaka ile yote kulikuwa na kipimo kimoja nilichokuwa nikikikwepa, nacho kinafanyika bure, hapahapa Masasi, kwa tone moja la damu ya kidole. Kipimo cha virusi vya UKIMWI. Mke wangu alipokuwa na mimba ya mtoto wetu wa mwisho aliniomba niende naye kliniki tupime pamoja. Nilisema kuna mzigo unashuka ghalani. Alikwenda peke yake, akarudi na majibu mazuri, na mimi nikajipa moyo kwamba majibu yake ni yangu pia. Tumbo lilipoanza kunisumbua, kila nilipoharisha nilikuwa nawaza hilo. Nikimwona mtu amekonda, nawaza hilo. Naamini ndiyo sababu nilivutwa na kamera. Kamera ilikuwa mbali, ya gharama, ya kungojea mwaka mzima. Maadamu nilikuwa naitafuta, hakuna aliyeweza kusema sijishughulishi na afya yangu.

Februari 2023, msimu ulipofungwa, nilikwenda hospitali moja ya misheni kwenye barabara ya Lindi. Niliifuata rufaa ya kwenda Dar es Salaam, basi. Nilidhani nitaingia, nitaeleza, nitaandikiwa karatasi, nitatoka.

Daktari alikuwa dada mdogo kwangu kwa umri. Hakugusa karatasi. Alianza kuuliza, na maswali yake yalikuwa ya ajabu kwangu kwa sababu kwa miaka 4 hakuna aliyewahi kuyauliza. Maumivu yanapungua ukishapata choo au yanabaki palepale? Choo kinabadilika umbo? Umewahi kuona damu, nyekundu au choo cheusi kama lami? Tumbo linakuamsha usiku wa manane kutoka usingizini, au linasubiri uamke? Nguo zimekuwa kubwa? Kuna homa za jioni, jasho la usiku? Nyumbani kwenu kuna aliyekufa au kuugua saratani ya utumbo?

Nilijibu. Damu hakuna. Usiku silali vizuri kwa mawazo, lakini tumbo lenyewe haliniamshi. Uzito nilikuwa naujua kwa hakika, maana ghalani kuna mzani na huwa napanda tukimaliza kazi: kilo 68, ileile ya miaka yote. Kuhusu ukoo nikasema hapana, na wakati ule hiyo ndiyo ilikuwa kweli.

Akanibonyeza tumbo lote, taratibu, akitazama uso wangu badala ya mkono wake. Kisha akasema, "Kaka, kabla ya Dar es Salaam kuna vitu vinavyopatikana hapahapa ambavyo sijaona kama umefanyiwa vizuri." Akaandika damu, kuona kama nimepungukiwa na kama kuna dalili ya mwili kupambana na kitu ndani. Akaandika choo. Na akaandika kile kipimo changu.

La choo nilitaka kubisha, kwa sababu nimepima choo mara nyingi. Akaniuliza huwa napeleka vipi. Nikaeleza ukweli: nakipata alfajiri, naweka kwenye kikopo, nafunga, naendesha baiskeli hadi zahanati, nakaa foleni, dirisha la maabara linafunguliwa saa 3, wanakishughulikia saa 5. Akasema amiba aliye hai hufa upesi akishatoka mwilini. Choo cha kuhara kinatakiwa kutazamwa kwenye hadubini ndani ya nusu saa hivi, na mayai ya minyoo hayatoki kila siku, hivyo kikopo kimoja hakitoshi kusema mtu hana kitu.

Hapo niliona aibu ya kazi yangu. Mimi ndiye ninayewafokea vijana ghalani wasinichukulie sampuli kwenye gunia lililolala juu ya umande, kwa sababu unyevu utasoma uongo na mkulima ataonewa. Mimi ndiye ninayechoma gunia juu, katikati na chini, tena kwa magunia kadhaa ya mzigo huohuo. Halafu mwili wangu mwenyewe nimeupima miaka 4 kwa sampuli iliyochacha.

Nililala siku 3 kwenye nyumba ya wageni jirani na hospitali, nikatoa choo mara 3, kila mara palepale, kikiwa bado na joto. Hawakukuta kitu.

Kuhusu taifodi alinieleza kwamba kile kipimo cha damu nilichokuwa nafanyiwa, wanachokiita Widal, kinatafuta alama za kinga ambazo mwili ulishawahi kutengeneza. Ukiwa uliugua zamani, au ukapatwa na vijidudu vya jamaa ileile, alama hizo zinaweza kuonekana hata kama leo huna taifodi. Kwa mtu asiye na homa, kipimo hicho kwa kawaida kinapotosha tu. Nikafikiria zile dawa zote nilizomeza. Zinaniuma hadi leo, na haziniumi kwa fedha.

Kipimo cha tatu nilikiacha mpaka mwisho. Nilimwambia mnasihi nitarudi kesho, na kesho yake nikamwambia jioni. Siku ya mwisho niliingia. Chumba kidogo, pazia la kijani, saa ya ukutani. Akanichoma kidole cha pete, akafuta tone la kwanza kwa pamba, la pili akaliweka kwenye kile kidude cheupe chembamba, akadondoshea maji yake, akakiweka mezani mbele yangu, akasema tungoje dakika 15. Niliona damu yangu ikipanda polepole kama wino kwenye karatasi. Aliniuliza nimekuja na nani, nikasema peke yangu. Aliniuliza nikikuta ninavyo nitamwambia nani kwanza, nikasema mke wangu, na nilipojisikia nikitamka hivyo machozi yakanitoka. Akaniambia bila kuremba kwamba majibu ya mke wangu ni ya mke wangu. Wapo wenza wengi ambao mmoja anavyo na mwingine hana. Akaniambia pia kwamba dawa zipo, ni bure, na mtu akizimeza kila siku anaishi miaka yake.

Mstari ukatoka mmoja. Sina.

Sitaki msomaji adhani nasimulia hili kwa kuwa liliishia vizuri. Ningekuwa navyo, zile safari zote za duka la dawa zingekuwa miaka 4 ya mwili kuliwa bila matibabu, na mke wangu angekuwa hatarini muda wote huo, kwa sababu tu niliona ghala lina kazi nyingi.

Damu nayo ilikuja safi, haijapungua. Ndipo daktari akanirudisha kwenye kiti tukazungumza habari ya kamera, na ninashukuru hakunikatalia kwa mkato. Aliniambia ninachoumwa kina jina, wenyewe wanakiita kwa herufi 3, IBS, na kwa Kiswahili yeye huwaambia wagonjwa ni utumbo wenye hamaki. Utumbo wenyewe mzima, lakini mishipa yake ya fahamu inashtuka kwa jambo dogo, inabana au inalegea bila mpango, na gesi ambayo mtu mwingine haisikii wewe inakuuma. Karibu mtu 1 kati ya 10 wanaoharisha kwa vijidudu hubaki hivyo baada ya vijidudu kuondoka. Lile dumu la maji la 2018 sikulisahau tena. Akasisitiza kwamba ugonjwa huu haugeuki kuwa saratani, na kwamba maumivu yake ni ya kweli, wala si kwamba mtu anajitungia.

Kisha akaniuliza swali ambalo nalikumbuka neno kwa neno: "Kamera ikikuta utumbo mzima, utafanya nini tofauti na utakachofanya leo?"

Nikanyamaza. Sikuwa na jibu.

"Na mimi," akasema, "dawa nitakayokupa itakuwa hii hii." Utumbo wenye hamaki ukitazamwa kwa kamera unaonekana mzima. Kamera inatafuta uvimbe, vidonda, mahali panapovuja damu, na mimi kwa umri wangu wa miaka 38, bila damu, bila kukonda, bila upungufu wa damu, nafasi ya kukuta hayo ilikuwa ndogo. Kwa upande wa pili kuna kufunga kula, kuharishwa kwa dawa hadi utumbo utoke maji matupu, kulazwa usingizi, na mara chache sana utumbo kutobolewa. Kama nitaitaka bado, ataandika rufaa. Uamuzi ni wangu.

Niliporudi nyumbani mke wangu hakuridhika, na sikumlaumu. "Na kama kuna kitu?" aliniuliza, usiku ule na usiku uliofuata. Hakuna anayeweza kulijibu swali hilo hadi mwisho. Tulichoweza ni kuandika kwenye daftari, kwa mwandiko wake, mambo ambayo moja tu likitokea tunaondoka wiki hiyohiyo: damu kwenye choo, kupungua uzito bila sababu, tumbo kuniamsha usiku, damu kupungua, homa isiyoisha, uvimbe unaoshikika. Fedha akasema isiguswe, ikae. Nilikubali.

Daftari hilohilo nikaanza kuandikia chakula na choo, kama daktari alivyoniagiza. Haikuchukua miezi 2 kuona. Mbaazi zikifuatana siku 2, tumbo linavimba. Chai ya maziwa, hivyohivyo. Maembe, ambayo kwetu yanaiva msimu uleule wa korosho na mtu anakula 5 akiwa amesimama chini ya mti, yalikuwa yananimaliza, na miaka yote nilikuwa nalaumu minada peke yake. Mnada nao una sehemu yake. Muhogo na samaki sina ugomvi navyo. Kuna vidonge vya kutuliza mikazo ya utumbo, mebeverine, nameza dakika 20 kabla ya kula zile wiki mbaya. Sijapona. Nina siku mbaya 3 au 4 kwa mwezi badala ya kila wiki, na najua ni za nini.

Oktoba 2024 mjomba alikuja kunitembelea ghalani. Tulicheka, tukala korosho za kukaanga, na kwa mchezo tu nikamwambia apande mzani. Kilo 51. Nilimjua mtu huyu akiwa na 60 na ushei. Nikamtazama vizuri: viganja vyake vilikuwa vyeupe ndani.

"Mjomba, unapata choo vizuri?" nilimuuliza. Kwetu mjomba na mpwa tunaitana hivyo wote wawili, lakini swali lenyewe si la mpwa kumuuliza mjomba wake, na ilinibidi nimwombe radhi kwanza.

"Bawasiri tu hii, mjomba. Inatoa damu kidogo, inaacha. Mwaka sasa."

Nilikwenda nyumbani nikafungua daftari kwenye ule ukurasa. Damu. Uzito. Viganja vyeupe, yaani damu imepungua. Mambo 3 kati ya yale 6, kwa mtu wa miaka 63. Mke wangu alisoma juu ya bega langu, hakusema neno, akaenda kuchukua kadi ya benki.

Mjomba alikataa wiki 2. Alisema mizizi yake inamtosha, kisha akasema hawezi kuvuliwa nguo na watoto wadogo, kisha akasema atakwenda baada ya kuvuna. Sikumwambia habari za saratani. Nilimsimulia kile chumba chenye pazia la kijani, na jinsi nilivyoahirisha siku 3 kuingia, na miaka 4 kabla ya hapo. Alinisikiliza ameinamisha kichwa. Asubuhi akaniuliza basi linapita Mtama saa ngapi.

Safari ile nilimwambia dereva mapema, tukiwa bado stendi, kwamba nina mzee mgonjwa na mimi mwenyewe tumbo si zuri. Alisimamisha kila tulipoomba, na Nangurukuru alitungoja hadi mjomba alipomaliza. Hakuna abiria aliyeguna.

Kamera ilikuta uvimbe kwenye utumbo mpana. Walinyofoa kipande, majibu yakatoka baada ya wiki 2: saratani, ila haijafika kwenye ini. Alifanyiwa upasuaji kabla mwaka haujaisha. Sasa hivi yuko Mtama, amefika kilo 56, analalamika kwamba uji wa mke wake ni mwepesi.

Lakini yule daktari wa Dar es Salaam alisema jambo lingine wakati wa kutupa ruhusa. Ndugu wa tumbo moja na mjomba wanatakiwa wachunguzwe, hata kama hawaumwi. Mjomba ana ndugu mmoja aliyebaki hai, naye ni mama yangu. Swali la ukoo ambalo mimi nililijibu "hapana" mwaka 2023 sasa lina jibu lingine, na kwangu pia nimeambiwa nisingoje uzee kabla ya kuliuliza upya. Kwa mama, mwenye miaka 58, halingoji kabisa.

"Mimi nikapimwe nini, mwanangu, wakati siumwi?" alisema. Nilimweleza kwamba kwa ndugu wa damu kamera ndiyo inayotakiwa, na kwamba kuna pia kipimo cha choo kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho. Hicho kikikuta damu, kamera haikwepeki. Kisipokuta, bado tutazungumza na daktari, kwa sababu hakioni kila kitu. Nilimwambia ukweli wote huo, ugumu wake na wepesi wake, na nikamwambia uamuzi ni wake. Kisha nikamwachia kikopo kwenye kabati la vyombo, ndani ya karatasi ya kaki, nikarudi Masasi.

Kikopo kilikaa pale mwezi mzima. Juzi alfajiri simu ikalia, sijaamka bado.

"Hao watu wa maabara," mama akasema, "wanafungua saa ngapi? Maana ulisema kisichelewe."